Nilisaini mahudhurio, wakaandika nimeridhia

Kalamu ilikuwa moja kwa mstari mzima, imefungwa uzi isipotee, na karatasi ilipofika kwangu ilishaanza kulegea kwa jasho la mikono ya watu. Jina, namba ya simu, sahihi. Jedwali limechorwa kwa rula. Juu yake hakuna kichwa, hakuna hata neno moja, nakumbuka vizuri kwa sababu niliigeuza geuza nikidhani nimepewa ukurasa wa pili kabla ya wa kwanza. Nikaandika jina langu, namba 43, nikampitishia jirani, nikarudi kukodolea macho ukuta wa darasa la tano ambako projekta ilikuwa inashindana na jua.

Tulikuwa uwanja wa shule ya msingi, Jumamosi, kwenye mkutano wa kupanga mtaa wetu, tumeitiwa saa tatu tukaanza saa tano kasoro. Turubai moja, viti vya plastiki vya kukodi, spika ya mtaa ile ile tunayoitumia misibani. Wageni, wale wataalamu wa kupanga, walikuja na gari mbili. Ramani pale ukutani ilionekana kama doa la njano lenye mistari, na maelezo yake pembeni ni Kiingereza, herufi ndogo kiasi kwamba hata waliokaa mbele walikuwa wanakisia. Maelezo yalichukua kama dakika ishirini hivi, maswali yakaruhusiwa matatu.

Mzee mmoja fundi baiskeli akauliza, hiyo barabara ya upana wa mita 20 inapita wapi, maana mi naona mstari tu sioni nyumba. Akajibiwa, mzee wangu hilo tutalifikia kwenye utekelezaji. Akasema ahsante, akakaa. Tukapewa soda, tukatawanyika.

Wiki tano baadae mtu akatupia PDF kwenye grupu la mtaa, rasimu ya mpango wa ukuaji wa makazi wa eneo letu lote, kurasa mia na kitu. Mi ni mtu wa mahesabu, kazi imenizoesha kuanza na viambatisho, kwa hiyo nikaanzia nyuma. Kiambatisho cha nne nikaikuta karatasi yetu, ile ile, na mkunjo wake kwenye kona na doa la soda. Namba 43 ni mimi. Ila sasa juu ya jedwali kuna kichwa kimechapwa kwa kompyuta: ORODHA YA WANANCHI WALIORIDHIA MAPENDEKEZO YA MPANGO.

Sikuridhia.

Wala sikukataa. Hakuna aliyeniuliza.

## Mpango nautaka

Hili niliseme mapema, kwa sababu nilipouliza tu kwenye grupu kuhusu kile kichwa, mtu wa kwanza kunijibu aliandika "watu kama nyie ndo mnatucheleweshea maendeleo".

Mtaa usiopangwa naujua kwa mabega yangu. Masika ya mwaka juzi mama wa jirani alipandwa na presha usiku, gari likaishia kule kwa kinyozi maana kutoka pale kuja ndani ni vichochoro, tukambeba kwenye kiti cha plastiki watu wanne, maji yanatufika magotini, mmoja anatangulia na tochi ya simu. Kila kona ilibidi kiti kiinamishwe ili kipite. Nilihesabu, kona tisa. Alifika hospitali, akatibiwa, yupo, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule nilielewa kwamba kila ukuta tuliougonga ni wa mtu aliyejenga pale penye nafasi kwa sababu hakuna aliyemwambia barabara itapita wapi, na ukuta mmojawapo ni wangu.

Kwa hiyo niliposikia tunapangwa nilifurahi kweli. Nilichanga hela ya upimaji bila kusukumwa, nikaenda kwenye mkutano kwa hiari yangu, nikaacha biashara ya Jumamosi.

Ndo maana kile kichwa kimenikaa rohoni. Wiki ya kwanza nilijiambia ni mazoea ya ofisini tu, mtu alitakiwa aambatanishe ushahidi wa ushirikishwaji akaambatanisha alichonacho. Wiki ya pili nikaanza kuamka usiku. Wiki ya tatu nikajua kinachoniuma ni nini: wangeniuliza, huenda ningeridhia. Nilikuwa tayari kuwapa kitu ambacho wao wamekichukua bila kuomba.

## Lenta ya mjomba

Mjomba wangu yuko Kigamboni, ng'ambo ya feri ya Dar. Nyumba yake ina vyumba viwili vya nyuma ambavyo kwa miaka mingi vilisimama kwenye lenta, yaani kuta zimefika juu ya milango tu, tofali zimeota ukungu, mipapai imejiotea ndani. Kila Idi tulikuwa tunakula kwenye kivuli cha ule ukuta.

Habari ya mji mpya wa Kigamboni wengi mnaijua. Mwaka 2008 ulitangazwa, eneo lililotajwa ni hekta 6,494, Tungi, Vijibweni, Mjimwema na jirani zake, na likawekwa zuio. Usijenge, usiongeze, usiuze, subiri. Baadae eneo likapanuliwa, halafu likapunguzwa tena. Bungeni lilizungumzwa sana, marehemu Dk. Faustine Ndugulile, aliyekuwa mbunge wao, alilisimamia lile suala la wananchi kutoshirikishwa mpaka likawa kama jina lake la pili. Aprili 2016 daraja likafunguliwa, Kigamboni ikatolewa Temeke ikawa wilaya, na ule mji wa kwenye michoro, wenye maghorofa ya vioo na maboti, haukujengwa kama ulivyochorwa.

Nilimpigia mjomba mwezi uliopita, nikamuuliza enzi zile nyie mliitwa kwenye mkutano?

"Tuliitwa bwana. Mikutano ilikuwepo mingi tu."

Mkasaini?

"Tulisaini. Mkutanoni si lazima usaini?"

Nikamuuliza, na mpango ulipokufa, mliitwa tena mkaambiwa umekufa? Akanyamaza kidogo, nikasikia redio yake nyuma, halafu akasema hapana, ile tuliisikia kwa watu. Sikumbuki nani aliniambia. Ila siku moja niliona jirani anamwaga mchanga, hajazuiwa na mtu, na mimi nikaita fundi.

Tokea 2008 hadi siku ya lori la mchanga. Watoto wake walikua, wakasoma, wakahama, wakati anasubiri jibu la swali ambalo halikuwa gumu: mnachukua hapa au hamchukui?

Hasira za watu wengi kuhusu Kigamboni ziko kwenye fidia, na wana haki. Mi naona kingine pia. Mpango haukuwa na sehemu ya kurudisha neno. Watu walisikilizwa, labda hata walisikilizwa vizuri siku zingine, lakini maneno yao yalikwenda upande mmoja kama maji ya mtaro, hakuna aliyerudi kusema lile mlilosema tumelichukua, lile tumelikataa kwa sababu hizi.

## Jiji limevuka mpaka, ramani haijavuka

Sisi huku tuko upande wa mkoa wa Pwani lakini tunashinda Dar. Asubuhi foleni yetu ni ile ile, hospitali kubwa tunayokimbilia ni ile ile, na tunaohamia huku wengi tumetokea kwenye vyumba vya kupanga vya jijini.

Angalia sensa. Dar ilikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, ikafika 5,383,728 mwaka 2022. Pwani ilitoka 1,098,668 ikafika 2,024,947. Yaani ndani ya miaka kumi Pwani imekaribia kuongezeka mara mbili, na ukiwa huku huhitaji takwimu, unasikia milio ya mashine za tofali kuanzia alfajiri. Halafu treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ikaanza safari za Morogoro Juni 2024, watu wakaanza kuuliza bei za viwanja Soga na Ruvu, kule ambako juzi tu tulikuwa tunasema porini.

Dar ina historia yake ya mipango kabambe, ule wa 1949, wa 1968, wa 1979, halafu ikaja miaka mingi sana ambayo jiji lilijikulia lenyewe hadi ulipokuja huu wa 2016 hadi 2036. Lakini mpango wa jiji unaishia kwenye mpaka wa mkoa, na upande wa pili kila halmashauri ina wa kwake. Daladala inavuka mpaka mara sita kwa siku, mvua inayonyesha kwetu inashuka mabondeni kwa wenzetu. Sasa nani anayeketi na kuuliza hawa watu milioni wa ziada watakaa wapi, watapita wapi, watachota maji wapi, kwa Dar na Pwani kwa pamoja? Kwenye ile PDF nilitafuta neno Dar es Salaam, likatokea mara chache, mara nyingi ni kwenye sehemu ya "mahali eneo lilipo".

Na kama wataalamu wenyewe mezani hawajaketi pamoja, huyo mwananchi anaulizwa kuhusu nini hasa? Anaonyeshwa kipande.

## Kijana wa projekta

Kilichonigeuza kidogo ni chai.

Yule kijana aliyekuwa anahangaika na projekta siku ile nilikutana nae stendi, nikamkumbuka, nikamsalimia, nikamwomba tunywe chai. Nilikuwa nimejiandaa kumbana. Nikamwonyesha kiambatisho cha nne kwenye simu, nikamwambia huyu namba 43 ndo mimi. Akakiangalia kwa muda mrefu. Akasema kichwa hakuandika yeye, lakini alikiona kabla ripoti haijatoka na hakusema kitu.

Halafu akaniuliza, kaka, mkutano wetu wa kwanza ulikuja?

Upi?

"Miezi saba kabla ya ule. Tulikuja na karatasi nyeupe, hatujachora chochote. Tulitaka watu watuonyeshe maji yanapita wapi, makaburi yako wapi, njia gani watoto wanapita kwenda shule. Walikuja watu tisa. Wawili walikuwa wajumbe wa mwenyekiti."

Sikuwa nimekwenda. Nilikumbuka hata tangazo, gari la matangazo lilipita jioni, na mimi nilisikia neno "upangaji" nikasema hao bado wako mbali, ngoja waje na kitu cha kueleweka. Wengi tulisema hivo hivo. Tulipoambiwa njoo useme kabla hakijachorwa hatukuona cha kusemea, na kilipochorwa hapakuwa na nafasi ya kusema. Hilo nalibeba, siwezi kulitupia upande mmoja.

Akanieleza na la pili. Waliopita nyumba kwa nyumba kuuliza idadi ya watu na ukubwa wa viwanja walidanganywa sana. Watu walihofia kodi, wengine walidhani wanahesabiwa ili wabomolewe, kuna nyumba walijibiwa na mtoto wa miaka kumi huku wakubwa wamejifungia ndani. "Sasa kaka, na sisi tunachora kwa data ya kubahatisha, bosi anataka ripoti, mkataba una tarehe."

Nilimwelewa. Nilikuja na hasira nikaondoka na huzuni, na sina uhakika kipi ni kizito.

Lakini nikamuuliza swali moja la mwisho: kwa nini ile ramani ya ukubwa wa kueleweka, inayoonyesha nyumba, hamkuibandika ofisi ya mtaa hata kwa wiki mbili kabla ya mkutano? Akajibu kile ambacho nadhani anaamini kabisa. Kwamba ukitoa mchoro mapema madalali wanauwahi, wananunua pembezoni mwa barabara kwa bei ya kutupa, au watu wanajenga vibanda vya haraka ili walipwe. Yaani wanaficha kwa ajili ya kumlinda mwananchi.

Nilirudi nyumbani nikilitafuna hilo jibu. Lina akili. Nililikubali kwa siku mbili nzima.

## Aliyekuja na bahasha

Siku ya tatu ndo nikamkumbuka bibi wa mwembeni.

Bibi huyu ni wa zamani hapa kuliko sisi wote, sisi tumenunua kwa watu walionunua kwa watu walionunua kwake. Amebaki na nyumba yake, mwembe, na lilikuwepo eneo la nyuma la mihogo. Mwaka jana, miezi kama miwili kabla ya mkutano wa projekta, kijana mmoja wa kazi za udalali alimfuata. Mimi nilikuwepo, nilikwenda kununua maembe. Alikuja na heshima zote, shikamoo bibi, kachuchumaa, bahasha mkononi. Anataka kipande cha nyuma tu, kile cha upande wa bondeni. Bibi akamwambia kile hakifai, mvua ikinyesha kinatuama, chukua huku mbele. Kijana akasema hapana bibi, hicho hicho.

Akauza. Kwa bei ya shamba la mihogo, maana kwake lilikuwa shamba la mihogo. Alinunulia bati za jikoni na akampa mjukuu ada.

Nikafungua PDF usiku ule, nikaikuza ramani mpaka ikaanza kuvunjika vunjika. Nikatafuta shule, nikatafuta msikiti, nikafuata njia kwa kidole. Ule mstari wa mita 20 unapita nyuma kwa bibi, na kando ya mstari rangi inabadilika kutoka njano kuwa nyekundu. Nyekundu ni biashara.

Kijana hakuwa na shida na maji kutuama. Alikuwa ameshaiona ramani.

Hapo ndo lile jibu la stendi liliponiangukia. Mchoro uliofichwa ili dalali asiuone, dalali alikuwa nao kabla yetu, sijui aliupataje, najua tu kwamba alichagua upande ambao hakuna mtu mwenye akili zake angeuchagua bila kuambiwa kitu. Tuliofichwa kweli ni sisi. Bibi angekuwa ameiona ile ramani wiki mbili, imebandikwa pale ofisi ya mtaa na mtu wa kumsomea, labda bado angeuza, ni haki yake, ila angeuza akijua anauza nini.

Sikumwambia. Kila asubuhi nilipita, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, na nikaendelea na safari na lile neno limenikwama kooni. Ningemwambia ili afanye nini? Pesa ameshanunulia bati.

## Kaya kumi kumi

Nina rafiki Nairobi, nilipomsimulia haya akaniambia kasome habari za Mukuru, mitaa ya mabanda ya kule kwao. Nikasoma, nikamsumbua kwa maswali wiki nzima.

Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, yaani sehemu zake tatu za kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalum la upangaji. Kaya zaidi ya 100,000. Huwezi kuwaweka hao kwenye uwanja wa shule na projekta. Walichofanya, na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda ya Kenya, walihusika sana hapo, ni kuwapanga watu kaya kumi kumi, kumi wanakaa wanazungumza, wanatoa mtu, huyo anakwenda kwenye kundi kubwa zaidi, na kuendelea juu. Ukiwa na neno unajua limpitie nani, na jibu likirudi unajua litamfikia nani.

Kaya kumi! Sisi hilo tunalo tangu enzi za babu zetu wa TANU, tuna wajumbe, tunamfuata mjumbe kwa barua ya utambulisho na kwa ugomvi wa mbuzi. Hatumtumii kwenye jambo la nyumba zetu wenyewe kuhamishwa.

Nilitaka habari ya Mukuru iishie hapo, ingenifaa sana. Haiishii. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa kupisha barabara, wakalala kwenye vifusi mvua ikinyesha, pamoja na kukaa kote kule kaya kumi kumi. Rafiki yangu anasema uchungu wao ulikuwa mara mbili ya wa mtu ambaye hakuwahi kuulizwa. Nimelifikiria sana hilo. Kushirikishwa hakumzuii mwenye nguvu. Lakini watu wa Mukuru walikuwa na kitu mkononi cha kuonyesha, mpango ulioandikwa pamoja nao, unaosema tulikubaliana hivi. Mjomba wangu alikuwa na lenta.

## Barua

Sheria yetu wenyewe haiko mbali na haya ninayoyalilia. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wenye ardhi na wadau waitwe, na watu wapate nafasi ya kutoa maoni na pingamizi kabla mpango haujapitishwa. Na kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa iliyoko ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Nilikuwa naijua kwa jina tu, nikidhani ni ya waandishi wa habari.

Nikakaa nikaandika barua, kurasa mbili, kwa mkono kwanza halafu nikachapa. Nimeomba muhtasari wa ule mkutano, maswali yote matatu na majibu yake kama yalivyosemwa. Nimeomba ile karatasi ya mahudhurio halisi, na nimeomba kile kichwa kiondolewe au waje watuulize kweli. Nimeomba ramani kwa Kiswahili, tangu 2021 hata lugha ya sheria zetu imekuwa Kiswahili, itashindikana vipi kwa rangi nne za ramani. Na nimeomba watuambie kwenye mchoro ule kipi bado kinaweza kusogezwa na kipi kimeshafungwa, kwa sababu nadhani hili ndo watu wanalihitaji kuliko vyote. Mtu akijua barabara lazima ipite lakini inaweza kupita kushoto au kulia kwa mkwaju, atakuja mkutanoni. Akihisi kila kitu kimeshaamuliwa atakuja kwa ajili ya soda, au hatakuja.

Nilipoipeleka, dada wa masjala aliisoma yote akiwa amesimama. Akagonga muhuri kwenye nakala yangu, akaandika tarehe, akasema huku anapunguza sauti, na mtaa wetu nao una karatasi kama hiyo.

## Dukani

Jumapili iliyofuata mimi na fundi baiskeli tulikwenda steshenari, tukaprinti kile kipande cha ramani kinachotuhusu, karatasi nne kubwa, tukaziunga kwa selotepu. Mwenye duka katupa ukuta wa nje, kwenye kivuli. Tukaandika kwa kalamu ya wino mzito: SHULE, MSIKITI, KISIMA, KINYOZI. Na rangi tukaziandika kwa Kiswahili. Kando tumening'iniza daftari kubwa, safu tatu, jina, unachosema, jibu.

Saa kumi hapakuwa na pa kusimama. Watu waliosema hawaelewi ramani walikuwa wanagombania kidole, hapa kwangu, hapana hapo kwa mama nanihii, kwako huku. Mtoto wa darasa la sita akagundua kwamba kisima kimechorwa upande usio sahihi. Mama mmoja akaona kijani pale penye makaburi yao, akauliza kijani ni nini, akaambiwa eneo la wazi la kupumzikia. Akaandika kwenye daftari, herufi kubwa, HAPA KUNA WATU WETU.

Fundi baiskeli alisimama na mkono kiunoni akifuata ule mstari wa mita 20 kutoka mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Unapita kwenye karakana yake. Hakusema chochote, akachukua kalamu, akaandika, akaenda zake nyumbani mapema.

Na bibi alikuja. Nilikuwa nimeombea asije, nakiri. Alikuja na fimbo yake na mjukuu, watu wakampisha, akaanza na msikiti kama nilivyoanza mimi, akaja na kisima, akasema kimekosewa, akafika mwembeni kwake. Kidole kikateremka kwenda nyuma. Kikasimama kwenye nyekundu.

"Hapa si ndo pale nilipomuuzia yule kijana?"

Ndio bibi.

"Na hii rangi?"

Maduka bibi. Itapita barabara, kando yake maduka.

Akatikisa kichwa polepole. Hakupiga kelele, hakumlaani mtu. Akauliza kama mimi nilijua. Nikamwambia nilijua kwa wiki tatu, na nikamwomba radhi pale pale mbele ya watu. Akaniangalia kwa muda. Halafu akasema, haya, niandikie.

Nikachukua daftari. Akasema maneno yake na mimi nikayaandika kama yalivyotoka: "Mimi nimekaa hapa toka kabla ya shule. Mlipita kwangu mara ngapi mkiomba maji ya kunywa. Kwa nini hamkuniambia." Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema mwisho weka alama ya kuuliza, nataka wajibu.

Leo ni siku ya 19 tangu nipeleke barua. Daftari lina majina 64, nimelifunika kwa nailoni maana vuli imeanza. Bibi jana kaniuliza tena kama wamejibu.